Naomba ushauri: nimpe binti yangu riwaya hii?

Wakuu, naombeni ushauri. Binti yangu ana miaka 13, kang'ang'ania kusoma The Kite Runner ya Khaled Hosseini (2003). Mwenyewe nimeimaliza juzi usiku. Amir ni Mpashtuni (kabila lenye nguvu Afghanistan), mtoto wa tajiri wa Kabul. Hassan ni Mhazara (kabila linalodharauliwa huko), mtoto wa mtumishi wao, analala kibanda cha uani. Wamenyonya kwa mama mmoja, ila Hassan ndiye anayempigia mwenzie pasi na kumwandalia kifungua kinywa. Hayo nataka ayaone. Shida ni kile kichochoro: Hassan anabakwa, tiara la buluu liko pembeni, Amir anachungulia kisha anatimua mbio. Nisome naye, au asubiri hadi kidato cha tatu? Mliowapa watoto wenu, ilikuwaje?