Wiki moja mtandaoni na benki ya London, fildi kwa dalali wa hisa, au kozi ya kulipia: nichukue ipi?

Kijana wa Mabibo

Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada maana jibu linatakiwa Ijumaa.

Nimechaguliwa kwenye programu ya mtandaoni ya benki moja kubwa ya uwekezaji ya London, zile zinazosaidia kampuni kuuza hisa au kununua kampuni nyingine. Ni wiki nzima: mihadhara mubashara, kazi za vikundi, na siku ya mwisho mnawasilisha mbele ya watu wa benki. Ni bure na cheti kinatolewa. Tatizo, wiki hiyo hiyo natakiwa kuripoti fildi kwa dalali wa hisa hapa mjini. Bosi wa pale ameshasema nafasi ni mbili, waombaji kibao, asiyefika Jumatatu kiti anapewa mwingine. Halafu kuna jamaa anaendesha kozi ya benki za uwekezaji kwa Zoom kila wikiendi, shilingi 180,000, anadai ukimaliza anakuunganisha na waajiri.

Lengo langu ni kufanya kazi benki ya uwekezaji. Nichukue ipi? Matusi hapana.

Fundi Wakala

Mwaka wa ngapi? Unasoma nini? Hiyo fildi ina maksi au umejitafutia? Una kompyuta au ni simu? Kazi unaitaka hapa au huko kwa wenzetu? Mnaleta uzi nusu halafu mnataka jibu zima.

Mzee wa Hatifungani

Nenda fildi, asubuhi na mapema, na tai.

Kijana, hapa Dar usitegemee kukuta jengo limeandikwa "benki ya uwekezaji". Kazi yenyewe ipo lakini imegawanyika: kwa madalali wenye leseni ya CMSA (mamlaka ya masoko ya mitaji), kwa washauri wa uwekezaji, kwenye vitengo vya mabenki ya biashara, na kwa wanasheria. Kampuni ikitaka kuuza hisa kwa umma, hao ndio wanaokesha.

Vodacom walipouza hisa zao 2017, zilikuwa milioni 560 na ushei, kila moja shilingi 850. Jumla bilioni 476. Nilikuwa kaunta, napokea fomu. Muda ukaongezwa, na mwishoni wageni nao wakaruhusiwa kununua kwa sababu Watanzania peke yetu hatukuzimaliza. Fomu zilikuwa zinarudi kila siku: sahihi ya hapa haifanani na ya kwenye kitambulisho, namba ya akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hisa, imeruka tarakimu moja, mtu kaandika jina la utani. Unampigia mteja wa Sumbawanga, simu haipatikani. Ukishapita hapo ndipo unaelewa soko la mitaji ni kitu gani. London hawana hiyo fomu.

Nairobi Jua Kali

Mzee heshima yako, lakini hapo umempotosha kidogo. Kijana amesema benki ya uwekezaji, si kaunta ya fomu.

Mimi ningemwambia afanye zile za Forage, tovuti ya mafunzo ya kazi za kuigiza. Benki za Marekani kama JPMorgan na Goldman Sachs wana zao pale, zote bure, na unafanya saa yoyote unayotaka hata usiku wa manane. Kwa masaa matano sita hivi umemaliza. Unapewa kazi ya kutafuta kampuni inayofaa kununuliwa na mteja, unaipigia hesabu ya thamani, unaandika barua pepe kwa bosi. Ukishatuma kazi yako ndipo wanakufungulia jibu la mfano ujilinganishe. Na mjue JPMorgan walipata kibali cha kufungua ofisi Nairobi 2024. Wanakuja hawa watu.

Mzee wa Hatifungani

Ofisi ya uwakilishi hiyo, haipokei hata amana. Msije mkapanga foleni na bahasha za kaki mlangoni.

Nairobi Jua Kali

Haha, foleni tumezizoea. Nyinyi Voda mliongezewa muda ndiyo ziishe. Sisi Safaricom 2008, hisa bilioni 10 kwa shilingi tano tano, watu walikopa benki ili wanunue. Wakagawiwa kiduchu, pesa iliyobaki ikarudishwa huku riba ya mkopo inahesabu, halafu bei ikateremka chini ya hiyo tano. Mjomba wangu mpaka leo ukimtajia hisa anabadilisha stori.

Fundi Wakala

Na hizo za Forage hakuna binadamu anayesahihisha. Ukituma picha ya paka wanakupa jibu la mfano na cheti unapata. Waajiri wanalijua hilo.

Nairobi Jua Kali

Ni kweli hakuna maksi. Lakini ukilinganisha kwa dhati unajifunza. Ukituma paka utatoka na elimu ya paka.

Sinza Kwa Remmy

Ngoja niseme la hizo za mubashara, maana nimepita huko. Benki siitaji, ila ni kubwa na ni ya huko huko.

Barua yao ilikuwa tamu: utajifunza, utajenga mtandao, utakutana na viongozi. Nikajiandaa. Saa tatu asubuhi ya London kiangazi ni saa tano ya kwetu, kwa hiyo unaanza kuchelewa na unamaliza saa moja usiku. Asubuhi ya kwanza mkurugenzi anaongea, kamera zimezimwa, watu wanaandika maswali hakuna anayeyajibu. Hapo sawa, hata semina za Nkrumah Hall ziko hivyo.

Shida ilikuwa kwenye kikundi. Tuliwekwa sita, kampuni ya kubuni ya maduka ya vyakula inataka kununua nyingine ndogo, sisi tumshauri mteja bei. Wenzangu watano wote wanasoma vyuo vya kule na watatu wanafahamiana. Wakagawana kazi nikiwa bado najitambulisha. Nikaachiwa ukurasa wa mwisho, ule wa "hatari". Yaani niorodheshe mambo yanayoweza kwenda vibaya.

Siku iliyofuata umeme ukakatika Sinza nzima. Nikaunganisha na simu, bando la siku likaisha mchana. Nilivyorudi nikafungua Excel yao, nikaona yule kijana wa hesabu kaweka kasi ya ukuaji wa milele asilimia 9, na kiwango cha punguzo, kile cha kushusha pesa za miaka ijayo ziwe thamani ya leo, asilimia 8. Mnaojua mmeshacheka. Hesabu hiyo inagawa pesa za mbele kwa punguzo kutoa ukuaji; ukitoa 9 kwenye 8 unapata hasi, kwa hiyo thamani ya kampuni kuanzia mwaka wa sita na kuendelea ikawa hasi, na yeye kwa akili zake akaondoa alama ya kutoa kwa mkono ili namba ipendeze. Nikaandika kwenye gumzo la kikundi. Kimya. Nikaandika tena, mmoja akanijibu kwa kidole gumba. Tukawasilisha hivyo hivyo. Mama mmoja wa benki akauliza swali moja tu: "Hii kampuni inakua haraka kuliko uchumi wa dunia mpaka lini?" Kijana akajibu kwa kujiamini kabisa kwamba soko la vyakula halifi.

Ya mwisho ndiyo iliyoniuma. Siku ya kufunga wakatangaza kwamba watakaofanya vizuri watapelekwa moja kwa moja kwenye usaili wa nafasi za kiangazi. Nikauliza kwa maandishi kuhusu sisi wa nje. Jibu: lazima uwe tayari una haki ya kufanya kazi Uingereza, wao hawaombei mtu viza kwa nafasi hizo. Nikafunga kompyuta nikaenda kula.

Cheti ninacho. Kwenye LinkedIn kimepata pongezi nyingi, za binamu zangu.

Mchumi Nusu

Pole, ila hilo la viza huwa liko kwenye masharti, mwishoni kabisa. Nani aliyekuzuia kusoma?

Sinza Kwa Remmy

Kwenye fomu ya maombi waliandika "wanafunzi wa nchi zote mnakaribishwa". Kukaribishwa programu na kukaribishwa kazini kumbe ni milango miwili. Ndiyo maana namwambia dogo awaandikie leo awaulize hilo moja, kabla ya Ijumaa.

Bint Mkunazini

Assalaam alaykum. Nyote mmeongea habari ya thamani na cheti, hapana mtu hata mmoja aliyemuuliza kijana kama riba kwake ni sawa. Kama ni Muislamu anayejali, hatifungani atakazouza zina riba ndani yake.

Mzee wa Hatifungani

Waalaykum salaam dada. Si kila kazi ya huko ni mikopo. Ukishauri kampuni inunue nyingine unalipwa ada ya kazi. Na sukuk, zile hatifungani zisizo na riba, siku hizi zipo, SMZ wenyewe walizindua yao 2025.

Bint Mkunazini

Ada ya kumshauri mtu akope kwa riba ndiyo nini? Lakini hayo ya sukuk sawa, na waliosoma mambo hayo ni wachache. Kijana akaangalie upande huo, naona pana nafasi kuliko kugombania mlango na watoto wa London.

Mchumi Nusu

Tusigeuze uzi kuwa darsa. Kuna mtu amemjua huyo wa 180,000?

Fundi Wakala

Simjui, ila mpime kwa swali moja: alishiriki dili gani yeye mwenyewe? Atakayejibu "nimefundisha mamia ya vijana" mpige chini. Na anayekuunganisha na waajiri kwa laki na themanini, hao waajiri wanajua kwamba wanaunganishwa?

Hela hiyo nunua bando, pakua taarifa za mwaka za Twiga na Tanga Cement, ujenge hesabu yako mwenyewe. Lile dili la Scancem, wenye Twiga, kununua asilimia 68.33 za Tanga kutoka kwa AfriSam lina kila kitu. Tume ya Ushindani ilikubali, Baraza la Ushindani likatengua Septemba 2022. Ukiweza kukaa na mtu ukamweleza kwa nini walikubali, kwa nini ikatenguliwa, na ungelipa shilingi ngapi kwa hisa moja, una cha kusema kwenye usaili wowote, Posta au Johannesburg.

Kijana wa Mabibo

Asanteni wakuu. Kujibu maswali: mwaka wa pili, BCom ya fedha. Fildi ni ya lazima, ina maksi, na msimamizi wa chuo anapita kukagua. Kompyuta naazima kwa rumeti. Kazi popote, ila ningependa nje.

Fundi Wakala

Yaani fildi ni ya lazima, ina maksi, na kompyuta huna, halafu unatuuliza tangu jana? Ungeanza na hilo uzi ungeisha kwenye posti ya pili.

Sinza Kwa Remmy

Msimkaripie. Wiki moja tu, akaongee na dalali aripoti Jumatatu, kisha aombe kutoka saa nane kila siku. Ataikuta nusu ya programu.

Mzee wa Hatifungani

Saa nane? Kazi ya kupatanisha miamala inaanza soko likishafunga. Ukitoka saa hiyo umeona nini? Mimi mwanafunzi wa namna hiyo ningemwachia aende moja kwa moja.

Nairobi Jua Kali

Ndiyo sababu vijana wanakimbilia mtandaoni Mzee. Atachimenti zenyewe, hizo mnazoita fildi, ni kutumwa chai na kupiga fotokopi.

Mzee wa Hatifungani

Anayepiga fotokopi ya waraka wa matarajio, ule unaoeleza kampuni inayouza hisa, ausome wakati mashine inapasha. Mimi nilisomea hapo.

Mchumi Nusu

Nje ya mada kidogo: mwenye bumu la mkupuo mmoja, aweke UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au anunue hisa za benki? Naona gawio la mabenki limekuwa la kueleweka.

Bint Mkunazini

Bumu ale. Mitihani haifanywi kwa njaa.

Fundi Wakala

UTT kama utaihitaji muhula ujao, hisa kama unaweza kuisahau. Na dogo, hata ukichagua lolote, kwa simu hiyo Excel utaionea huruma. Nina laptopu nauza, HP, nimeitumia mwenyewe, betri nzima. 420,000.

Kijana wa Mabibo

Nimewaandikia benki kuhusu viza, bado hawajajibu. Kwa dalali naenda kesho kuongea. Laptopu RAM ngapi mkuu?

Fundi Wakala

Nane, inaongezeka mpaka 16. Nipo Kijitonyama. Njoo uikague, ila uje na pesa kamili, habari ya nusu nusu hapana.

Mchumi Nusu

Akishindwa naichukua mimi kwa 380.