Moyo mzito wakati wa mvua Bukavu: taa ya mwanga inafaa?

Nabintu_Kadutu
Wandugu, jambo. Tangu mvua irudi mwezi wa 9, mdogo wangu amelegea: usingizi mwingi, hamu ya kazi hana, watu anawakimbia. Nasikia Ulaya wanatumia taa ya lux 10.000 (lux ni kipimo cha mwanga), dakika 30 kila asubuhi. Niagize?

Infirmie_Bagira
Yaya, weka pesa yako kwanza. Taa hiyo ni ya nchi ambako jua lenyewe linapungua: Brussels, mwezi wa 12, mchana una urefu wa saa 8 tu. Bukavu iko karibu na ikweta, na kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka tofauti haifiki dakika 20. Mwanga upo, ila mvua inatufungia ndani. Hata mawingu yakitanda, nje kuna maelfu ya lux. Chumbani, balbu ikiwaka, mara nyingi hazifiki 300.

Basi atoke barazani kati ya saa 12:30 na saa 2 asubuhi, akae chini ya bati, uso uelekee mbinguni (asilikodolee jua macho), dakika 30 hadi 45. Achambue sombe hapo hapo, anywe chai. Mbingu ikiwa nyeusi kabisa, aongeze ifike saa nzima. Kukaa ndani mlango ukiwa wazi hakutoshi: ukirudi nyuma mita 2 tu, mwanga umeshapungua sana.

Mama_Nguba
Mwanangu, mnapikia wapi mvua ikinyesha? Mbabula (jiko la makala) ndani, madirisha yamefungwa, ni hatari. Makala yakiwa mekundu bila moshi ndiyo yanadanganya watu, maana gesi yake haina harufu. Kichwa kinauma, mwili unaisha nguvu, kichefuchefu. Mtu akitoka nje anapata nafuu. Ukiona hivyo, mbabula itoke leo. Tena apimwe malaria na damu, kwa sababu upungufu wa damu unachosha vilevile.

Infirmie_Bagira
Mama amesema kweli, hilo lianze.

Kaka_Ibanda
Kosa kubwa ni kungojea hamu. Kwa mtu mwenye moyo mzito, hamu inakuja kazi ikishaanza. Jioni aandike kazi moja ya kesho, ndogo kabisa: asiandike «kufua», aandike «kuloweka mashati 2». Kazi ya nje iwe na mbadala wake wa siku ya mvua, la sivyo mvua ya saa 3 inaua siku nzima. Na pombe ya kutafutia usingizi aache: inamlaza haraka, halafu inamkatia usingizi usiku wa manane.

Nabintu_Kadutu
Aksanti sana. Na usingizi wa mchana?

Infirmie_Bagira
Dakika 20 hadi 30, kabla ya saa 9. Kahawa isipite saa 8 mchana. Saa ya kuamka isibadilike, hata Jumapili.

Hali hii ikipita wiki 2, karibu kila siku, mpeleke kituo cha afya au SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili hapa hapa Bukavu. Wakimwandikia dawa, asiiache baada ya siku chache akisema haifanyi kazi. Nyingi zinahitaji wiki 2 hadi 4. Lakini akitaja kufa au kujidhuru, usihesabu wiki: mpeleke siku hiyo hiyo, na asibaki peke yake hata kidogo.