Mikoko ya Kunduchi: jamii moja au tatu?

mwl_wa_tegeta
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha baiolojia, na Jumamosi nilipeleka kidato cha tatu kwenye mikoko ya Kunduchi, maji yamekupwa. Tulinyoosha kamba ya mita 100 kutoka baharini kuelekea nchi kavu, kila mita 10 tunaweka fremu ya mita 1 kwa mita 1 na kuhesabu miti. Kandambili tatu zimebaki topeni, ila takwimu tunazo.

Kasheshe ni majina. Mikoko ina aina zake: mwanzo wa kamba ni mlilana. Katikati mkoko wenyewe, na msinzi mmojammoja. Mwisho mchu mfupi mfupi; kijana mmoja nilimwambia alambe jani lake, akatema chumvi. Nimeandika jamii tatu (sisemi jamii kama ya kunde, nasema mimea inayoishi pamoja). Mwalimu wa jiografia anasema ni moja tu, msitu wa mikoko, basi. Halafu mchu tumeukuta tena fremu ya pili, karibu na bahari! Umenivurugia kila kitu.

nahodha_mstaafu
Mwalimu, shikamoo ya wanafunzi nimeipokea. Mchu haujavuruga. Wewe umeanza na mti, sisi tunaanza na maji. Kuna mahali maji yanafika kila siku, hata siku za maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu. Kuna mahali hayafiki mpaka bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mlilana ni wa huko kwa kila siku. Mkandaa, aina nyingine ya mikoko, utauona juu zaidi. Mchu haubagui: unakaa mbele kwenye mchanga, unakaa na nyuma kwenye chumvi kali ulikodumaa. Rudi siku ya bamvua, chomeka vijiti maji yanaposimama.

majani_makavu
Nakubaliana na mzee. Kuhusu ubishi wenu, wote mko sawa, mnatazama kwa vipimo tofauti. Ramani ya uoto wa Afrika ya mtaalamu wa mimea Frank White, iliyotolewa na UNESCO mwaka 1983, ni ya 1:5,000,000. Milimita moja ni kilomita tano! Kwa ramani hiyo mikoko ni kundi moja na hakuna wa kulalamika. Kwa kamba ya mita 100, kuisema moja ni kufuta ulichokiona kwa macho.

Ila takwimu zako zina kasoro. Fremu ya mita moja inafaa miche. Kwa miti, piga mraba wa mita 10 kwa 10. Pia usihesabu mashina tu: miche 40 ya mkandaa hailingani na mlilana mmoja uliofunika mraba mzima. Kadiria kila aina imefunika asilimia ngapi, na andika udongo ni tope au mchanga. Mchu wa mbele na wa nyuma ni mti uleule, lakini jirani zake na ardhi yake ni tofauti, kwa hiyo naweka jamii mbili. Kamba moja haitoshi, nyoosha hata tatu. Na kama mwisho wa kamba umegusa mashamba ya chumvi, pale weka alama ya pembeni. Hapo mtu keshachimba.

kaa_koko
Jamii ya nne ni chupa za maji. Imetawala asilimia 90.

mwl_wa_tegeta
😂 Kaa, hiyo ipo kila fremu. Mzee, marahaba… samahani, shikamoo! Nimefungua picha za fremu ya pili: kweli ni mchanga, na mlilana hakuna hata mmoja. Kamba ndefu ninayo. Natafuta mzazi mwenye kalenda ya bamvua, na viatu vya mpira.