Mdogo wangu kahukumiwa kunyongwa pamoja na bwana'ke, ndugu wa jamaa wanataka kutulipia wakili. Tukubali?

Nyanya Chungu: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri ila matusi sitaki. Nina mdogo wangu wa kike ana miaka 24, mwezi huu Mahakama Kuu imemkuta na hatia ya kuua kwa kukusudia yeye na bwana'ke, wote kunyongwa. Marehemu alikuwa anamdai yule jamaa hela. Mdogo wangu hakushika kitu, alikuwepo tu pale nyumbani, basi. Sasa ndugu wa jamaa wanasema watatafuta wakili mmoja mzuri awasimamie wote wawili kwenye rufaa na sisi tusitoe hata mia. Tukubali au tutafute wetu? Mama toka siku ile hali chakula, presha juu, nahangaika peke yangu.

Kipara Ngoto: Nimevuta kiti mbele.

Mama Wawili: Pole mwaya. Ila mabinti mnaambiwa hamsikii, mwanaume kazi yake haijulikani, ana gari, we unapanda tu. Kuna mmoja huku kwetu Tabata kapandishwa hivyohivyo karudi na mimba na deni la kikoba juu. Huyo jamaa alikuwa na gari gani kwanza?

Mtu wa Tanga: Usitishike sana na neno kunyongwa, Tanzania mara ya mwisho hukumu hiyo kutekelezwa ni 1994. Kukaa unasubiri ndo adhabu yenyewe. Kaka yangu alisota mahabusu miaka 6, kesi ya mauaji haina dhamana, alivyoachiwa akakuta mke kaolewa na mwenye nyumba wao, mpaka leo akisikia funguo zinagongana anasimama wima hata kama anakula. Samahani nimetoka nje ya mada.

Fungu la Kukosa: Dada, mdogo wako alisema nini polisi? Kama maelezo yake yanamtaja jamaa, wakili mmoja atamteteaje huyu bila kumuumiza yule? Angalia Kenya, kesi ya mauaji ya Monica Kimani, Februari 2024 Jowie akatiwa hatiani na mchumba wake Jacque Maribe akaachiwa, na kila mtu alikuwa na wakili wake.

Nyanya Chungu: Alisema jamaa ndo kafanya. Yeye alifuta sakafu na kufua nguo kwa sababu aliambiwa afue, angefanyaje na mtu ana kisu mkononi? Ila mbona Amanda Knox na bwana'ke, wale wa kesi ya mauaji kule Italia, walitoka wote pamoja.

Fungu la Kukosa: Walitoka ndiyo, 2015, baada ya kutiwa hatiani 2009, kuachiwa 2011, kutiwa hatiani tena 2014, na kila mtu na mawakili wake! Hizo nguo ndo rufaa ya mdogo wako. Ili uitwe muuaji mwenza lazima iwepo nia ya pamoja, kuwepo tu hakutoshi, na kumsaidia mtu akishaua ni kosa jingine ambalo halina kamba. Unadhani wakili anayelipwa na wale ataisema hiyo? Halafu kesi ya mauaji asiye na uwezo anapangiwa wakili bure, hata rufaa.

Nyanya Chungu: Hao wa kupangiwa ndo wametufikisha hapa, alionana naye dakika kumi asubuhi ya kesi. Na nisiwe mnafiki, wale ndugu nimeshapokea milioni 2 kwao. Sio rushwa, ni ya dawa za mama.

Kipara Ngoto: Kumbe mahari imeshaliwa, sisi tunaulizwa rangi ya sare 😂

Jicho la Kitaa: Wakuu hii chai. Huyuhuyu Nyanya Chungu kwenye uzi wa mirathi aliandika kwao kazaliwa peke yake. Leo mdogo kadondoka wapi?

Mama Wawili: Mweee! Na nimeshamuombea hapa.

Kipara Ngoto: Tangawizi imezidi, leteni chapati.

Nyanya Chungu: Ni mtoto wa mama mdogo. Mama yake alifariki yeye yuko darasa la pili, tumelala kitanda kimoja miaka 11. Kwenu mtoto wa mama mdogo mnamwita nani, mpangaji?

Jicho la Kitaa: Si ungesema binamu.

Mtu wa Tanga: Binamu wa mama mdogo wapi na wapi, binamu ni wa shangazi na mjomba. Watu mmelelewa na nani nyie?

Fungu la Kukosa: Chai au sio chai, nauliza moja. Hukumu ilisomwa tarehe ngapi na notisi ya rufaa, ile fomu ya kusema anakata rufaa, kasaini? Ni siku 30, anasainia hukohuko gerezani.

Nyanya Chungu: Tarehe 2. Fomu waliletewa, mwenzie kasaini. Mi ndo nilimwambia asubiri, maana walisema wakili wao ataandaa ya pamoja.

Fungu la Kukosa: Leo tarehe 29. Waliokwambia asubiri ndo haohao wa kwao kasaini?

Nyanya Chungu: Ndiyo.

Fungu la Kukosa: Kesho asubuhi uwe getini. Muda ukipita unaanza kuomba kuongezewa muda, na hapo lazima uwe na sababu ya kumwambia jaji.

Nyanya Chungu: Kesho sio siku ya kutembelea wafungwa. Na wakijua nimewazunguka hiyo hela narudishaje, imeshaishia hospitali.

Fungu la Kukosa: Siku ya kutembelea ni ya kupeleka sabuni. We nenda ofisini kwa mkuu wa gereza, mwambie fulani hajasaini na anataka kusaini. Hela tutaongea baadae.

Mama Wawili: Ila la gari hujanijibu.