Ali wa 1966 na Tyson wa 1988: naombeni hoja za upande wa Tyson kabla ya Jumamosi

KofiaNgumu:
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi na Jumamosi ndiyo hiyo inakuja.

Kijiweni kwetu Magomeni Mapipa, pale kwenye kahawa, tumebishana wiki nzima. Muhammad Ali wa 1966, miguu bado myepesi, kabla hawajamvua mkanda, apandishwe ulingoni na Mike Tyson wa 1988. Nani anatoka? Juzi ubishi umekuwa mkali mpaka mtu kapiga ubao wa drafti teke, vifuniko vya soda vikaishia mtaroni. Wakaamua mimi nikasome, nipime pande zote, nije na hukumu Jumamosi baada ya alasiri.

Mimi naona Tyson. Bondia Michael Spinks alikuja kwake mwaka huo hajapigwa hata mara moja, mapambano 31, akakaa sekunde 91 tu. Naombeni hoja nzito za upande wa Tyson. Za Ali ninazo, msijisumbue.

KonaNyekundu:
Nitajisumbua. Tyson ana sentimita 178, Ali ana 191. Ukija kwenye urefu wa mikono, Ali 198, Tyson 180. Nyoosha vidole vyako, hiyo tofauti ni karibu shibiri nzima, na ni shibiri ya jebu, lile konde la kunyoosha mkono wa mbele, inayokukuta usoni kila ukitaka kuingia. Katazame Ali na Cleveland Williams, Houston, Novemba 1966, jinsi anavyopiga huku anarudi nyuma. Kisha tazama Tokyo, Februari 1990: Buster Douglas, mrefu, mwenye jebu, na Tyson yuko chini raundi ya kumi.

KofiaNgumu:
Mkuu, nimesema Tyson wa 1988. Huyo wa Tokyo ameshaachana na kocha wake Rooney, kichwa hakikutikisika tena kama zamani. Usinichanganyie miaka.

MzeeWaGerezani:
Vijana mnaongelea Ali kama mtu wa kwenye simu. Februari 1980 alikuja hapa hapa Dar, katumwa na Rais Carter atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu hakumpokea. Marehemu baba yangu alikuwa na picha ya Ali ukutani tangu Kinshasa 1974. Siku ile aliishusha, akaigeuza uso ukutani, ikakaa hivyo nadhani mwezi mzima. Haikuwa chuki. Alikuwa anasema huyu ni wetu, kwa nini katumika? Baadaye aliigeuza mwenyewe, akaifuta vumbi kwa kanzu. Mimi kwa Ali sina hukumu, nina huyo mzee.

BiMwanaTandika:
Poleni na ngumi. Ila mimi nauliza: mwamuzi gani anaomba hoja za upande mmoja? Kuna kitu hujasema, mdogo wangu.

KofiaNgumu:
Dada, hakuna kitu. Ni heshima ya kijiwe tu.

BiMwanaTandika:
Heshima ya kijiwe hainyimi mtu usingizi.

KofiaNgumu:
Haya. Kuna hela kidogo. Watu 12 wameweka elfu kumi kumi, wanaoshinda wanagawana. Mimi sijaweka, mimi ndiye nimeshika. Bahasha ya kaki iko chini ya kiti cha pikipiki pamoja na spana.

KonaNyekundu:
Na bahasha ina shilingi ngapi leo?

KofiaNgumu:
Pikipiki ni ya mkataba. Ililala siku nne, nikanunua seti ya cheni, na bosi hesabu yake ya wiki haijui cheni. Nimetoa elfu 80. Imebaki elfu 70.

Kabla hamjanirukia: upande wa Tyson wote ni madereva wenzangu wa kituo kimoja. Tyson akishinda naongea nao, watanisubiri wiki mbili tatu. Upande wa Ali ni watu wazima, wataka chao mkononi. Na mimi Tyson namwamini kweli, sitasema uongo. Kwa hiyo tatizo liko wapi?

JebuKali:
Toa suluhu.

KofiaNgumu:
Suluhu kila mtu anadai chake papo hapo. Nishaifikiria hiyo.

BiMwanaTandika:
Kamari ni kamari hata ikichezewa kwenye kahawa, hilo moja. La pili, kwenye kikoba chetu mweka hazina alianza hivi hivi: elfu 20, "nitairudisha Jumatatu". Alikuwa rafiki yangu wa kusuka naye nywele barazani. Leo akiniona sokoni anavuka barabara, na mimi hela nilishaisamehe zamani. Nenda kaseme kabla hawajakuuliza.

JebuKali:
Wakuu, hii ni chai, tena ya rangi, haina hata tangawizi. Watu 12 mara elfu kumi ni laki na ishirini. Yeye katumia 80, imebaki 70. Hiyo ni laki na nusu. Elfu 30 imezaliwa wapi? Huyu katunga hadithi ili tumfanyie utafiti.

TakoLaUlingo:
Nami nimeliona hilo nikanyamaza. Afunge uzi.

MzeeWaGerezani:
Mwacheni ajibu.

KofiaNgumu:
Si chai. Watu 11 waliweka elfu kumi kumi. Wa 12 ni mzee mmoja pale kijiweni, alikuwa kuli bandarini zamani. Yeye aliweka elfu 40 kwa Ali. Alizitoa kwenye kitambaa alichofunga fundo, moja moja, noti za elfu mbili mbili, za mwisho zilikuwa zimelowa jasho. Akanikabidhi mimi, akasema, "Kijana husomi magazeti ya udaku, wewe utaamua vizuri."

Sikuliandika hilo mwanzo kwa sababu nilijua mtasema nini.

KonaNyekundu:
Sasa nakuelewa, na nitakupa unachokitaka. Hoja za Tyson zipo. Cooper alimdondosha Ali pale Wembley mwaka 1963 kwa konde la kushoto. Frazier akamdondosha raundi ya 15 mwaka 1971, kushoto tena, na Frazier ni mfupi anayeingia ameinama kama Tyson. Tyson ana mkono huo huo kwa kasi zaidi. Ukisimama Jumamosi ukasema hivyo, hakuna atakayekucheka.

Ila sikiliza hii. Mwaka 1969 Ali na Rocky Marciano, aliyestaafu na 49 bila kupigwa, waliitwa studio wakaigiza raundi fupi fupi nyingi mbele ya kamera. Kompyuta ndiyo iliyosemwa itaamua. Walirekodi miisho kadhaa, na wenyewe hawakuambiwa upi utatumika. Marciano alikufa kwa ajali ya ndege Agosti, kabla ya kuona. Januari 1970 watu wakalipa kiingilio kuangalia Marciano anamaliza kazi raundi ya 13. Wale angalau walikuwa na miisho mingi mkononi. Wewe una mmoja, sasa unatafuta raundi za kukufikisha hapo.

KofiaNgumu:
Nimeisoma mara tatu. Natoka mtandaoni kidogo.

JebuKali:
Mimi bado nasema chai. Ila imeanza kuwa na tangawizi.

KofiaNgumu:
Ijumaa, saa tatu usiku. Nimetoka kwa mzee, anakaa nyuma ya msikiti, chumba kimoja. Nimemwambia yote, nimeweka na bahasha mezani. Hakuigusa. Alikaa kimya mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akauliza: "Hukumu yako ni ya raundi 12 au 15?"

Nikamwambia sikuwa nimefikiria. Akasema Ali wa 1966 alikuwa anapigana za 15, na zilipunguzwa baada ya yule bondia wa Korea, Kim, kufariki kufuatia pambano lake na Mancini, 1982. Akasema hao wengine kesho niwaambie mwenyewe, kwa mdomo wangu, na yeye atakuwepo. Yake nimlipe elfu tano kila Ijumaa, tuandike kwenye daftari. Na hukumu niisome hiyo hiyo kesho, hata ikiwa Tyson.

Kwa hiyo wakuu naomba upya, na sasa pande zote. Tuseme ni raundi 15. Tyson alifika 12 na Bonecrusher Smith na Tony Tucker mwaka 1987, akashinda kwa pointi. Smith alimkumbatia karibu usiku mzima, na Ali naye anajua kushika shingo. Raundi ya nane kwenda mbele, Tyson anabaki na nini?

KonaNyekundu:
Anabaki na ule mkono wa kushoto. Tuanzie hapo. Una kalamu?