Mjadala: Jaji wa Tanzania anaamua nini hasa anaposema "utanyongwa hadi kufa"?

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Kila zikitoka habari kwamba fulani kahukumiwa kunyongwa, watu wanagawanyika. Huyu anampongeza jaji kwa kutenda haki, yule anamlaani kwa ukatili. Pongezi na lawama zote zinamwendea mtu ambaye hakupewa nafasi ya kuchagua.

Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinataka kila aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia ahukumiwe kifo. Jaji hana hiari. Wanaosalimika ni mwanamke mjamzito na aliyekuwa hajatimiza miaka 18 alipotenda kosa. Waliobaki wote kapu moja: aliyemvizia nduguye usiku ili arithi shamba, na mwanamke aliyemuua mume baada ya miaka ya kipigo.

Kwa hiyo lile swali la nani anastahili kifo halijibiwi siku ya adhabu. Linakuwa limeshajibiwa ndani ya swali jingine: aliua kwa nia ovu au hapana? Ikikosekana nia ovu, kosa linashuka kuwa kuua bila kukusudia, na hapo jaji ana uwanja mpana hadi kifungo cha maisha. Huruma yote ya mahakama imebanwa kwenye mlango huo mmoja. Ndiyo maana mawakili wa kesi za mauaji wanang'ang'ania kughadhabishwa, ulevi, ugomvi wa papo kwa papo. Wakishindwa hapo, wamemaliza.

Sasa nia inapimwaje? Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Enock Kipela, ilitaja mambo ya kuangalia: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, majeraha yenyewe, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Ni vipimo vizuri vya nia, sina ugomvi navyo. Lakini visome tena. Hakuna hata kimoja kinachouliza huyu mtu ana umri gani, ni kosa lake la kwanza, anajuta, anaweza kurekebika? Kijana wa miaka 19 na jambazi sugu wa miaka 50, panga lile lile, shingo ile ile, hukumu ile ile.

Naomba tusianze kubishana kama adhabu ya kifo ifutwe, huo ni mjadala wa mwaka mzima. Hoja yangu ni moja: ulazima wake utoke, jaji asikilize kisha aamue.

Mpenda Sheria:
Mkuu, umeandika vizuri ila umeruka historia. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, kwenye kesi ya Mbushuu, alisema adhabu hii ni kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani mwaka 1995 ikakubali kwamba kweli ni ya kikatili na inatweza utu, halafu ikasema inaokolewa na ibara ya 30(2), kwa kuwa ipo kwa maslahi ya umma, na kwamba jamii yenyewe ndiyo iamue kama inaitaka. Jamii haijaikataa. Unataka jaji mmoja aikatae kidogo kidogo, kesi hadi kesi?

Halafu tuambizane ukweli. Siku jaji akipewa hiari, atakayepona ni mwenye wakili wa kulipwa. Mkulima aliyepangiwa wakili na serikali, aliyemwona mara ya kwanza siku ya kesi, nani atamsimulia jaji maisha yake? Ulazima una ubaya wake, lakini haumwangalii mtu mfuko.

Mleta mada:
Mpenda Sheria, mfuko unaangaliwa hata leo, ila unaangaliwa mapema, kwenye lile swali la nia ovu. Wakili mzuri anamshusha mteja wake kwenye kuua bila kukusudia. Yule mkulima wako anapoteza pale pale, na baada ya hapo sheria haimwachii hata upenyo.

Na kuna jambo linanikera kuliko yote. Baada ya hukumu, jaji anapeleka kumbukumbu za kesi kwa Rais pamoja na maoni yake, ili Rais aone kama atatumia mamlaka yake ya msamaha ya ibara ya 45 ya Katiba. Maana yake jaji ana maoni! Anaruhusiwa kuyaandika kwa Ikulu, ila haruhusiwi kuyatumia mahakamani mbele ya watu.

Mpwani:
Salamu kutoka Mombasa. Sisi tulishapita huko. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, kesi ya Muruatetu, ilisema ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji unakiuka Katiba. Kifo chenyewe hakikufutwa. Jaji sasa anaangalia umri, kosa la kwanza au la, kukiri, majuto, uwezekano wa kurekebika, hata kama kitendo kilitokana na dhuluma za kijinsia.

Lakini msidhani ilikuwa lelemama. Wafungwa wa wizi wa mabavu nao walikimbilia kortini kuomba wahukumiwe upya, na mahakama zingine zikawakubalia. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafunga mlango: uamuzi ule ni wa mauaji tu. Kwa hivyo mwizi wa mabavu ambaye hakuua anabaki na kifo cha lazima, na muuaji anasikilizwa. Kama ni haki, nielezeni.

Da Zai:
Mnaongea kisomi, wadogo zangu, ila mimi kaka yangu aliuawa. Orodha zenu zote zinamhusu muuaji: umri wake, majuto yake, maisha yake. Marehemu yuko wapi? Halafu tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini. Tunaambiwa "hadi kufa", tunarudi nyumbani, mtu anazeekea gerezani. Sisi hatujui tulie au tushukuru.

Mleta mada:
Da Zai, pole sana. Hilo la kutonyonga ndilo linalonisumbua: tunamlazimisha jaji atamke adhabu ambayo nchi haijaitekeleza kwa miongo mitatu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale pale Arusha, Novemba 2019 kwenye kesi ya Ally Rajabu na wenzake, iliamuru Tanzania iondoe ulazima huu kwenye sheria ndani ya mwaka mmoja. Siku chache kabla ya hapo serikali ilikuwa imejiondoa kwenye tamko linaloruhusu mwananchi kupeleka shauri lake pale moja kwa moja.

Mpwani:
Dada Zai, maelekezo yale ya Mahakama yetu ya Juu ya 2021 yaliongeza vitu viwili kwenye orodha ya jaji: namna kosa lilivyotendwa kwa marehemu, na athari kwa familia yake.

Da Zai:
Hapo sasa. Kama mnataka jaji apewe hiari, iandikwe kwamba mfiwa anaitwa na kusikilizwa kabla ya adhabu, na awe na mtu wa kumsaidia kusema. Bila hivyo mimi nabaki na Mpenda Sheria.