Ugonjwa wa utumbo umetulia, lakini uchovu na kubanwa na haja haviishi: tuanzie wapi?

Mshumaa
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba tulijadili hili kwa undani, maana linaulizwa sana na kujibiwa juujuu. Mtu ana uvimbe sugu wa utumbo, iwe Crohn au ule wa vidonda vya utumbo mpana. Dawa anatumia ipasavyo, choo hakina damu, kamera imeonyesha utumbo mzuri, anaambiwa ugonjwa umetulia. Lakini anaamka amechoka kana kwamba hakulala, na akibanwa hana hata dakika tano za kusubiri. Vikao, safari, ibada, vyote anavikwepa. Uchunguzi uanze na nini? Na ajielezeje kliniki ili asiishie kuambiwa "vipimo viko sawa"?

Kipimo_Kwanza
Mkuu, kwanza hakikisha kweli umetulia leo, maana kamera ya miezi kadhaa nyuma haisemi ya sasa. Kipimo cha kalprotektini kwenye choo, protini inayopanda utumbo ukiwa na uvimbe, husaidia sana hapa. Chini ya mikrogramu 150 kwa gramu, kwa kawaida utumbo hauna uvimbe wa maana. Zaidi ya 250 tena na tena, kuna kinachoendelea. Katikati ya hapo, kirudiwe baada ya wiki kadhaa kabla ya kubadilisha dawa. Choo kiwe cha kwanza cha asubuhi, na mtu awe hajatumia diklofenaki wala ibuprofeni karibuni. Dawa hizo hupandisha majibu, na zinaweza kuuamsha ugonjwa wenyewe. Kwa maumivu ya kawaida parasetamo ni salama zaidi kwa utumbo.

Kisha madini ya chuma. Hapa ndipo wengi wanapoachwa solemba, kwa sababu himoglobini ikisomeka vizuri watu hufunga faili. Akiba ya chuma inaweza kuisha kabla himoglobini haijashuka, na uchovu ukawa umeshaanza. Omba ferritini, kipimo cha akiba ya chuma, na isomwe pamoja na CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe. Kama hakuna uvimbe, ferritini chini ya mikrogramu 30 kwa lita ni upungufu. Kama uvimbe upo, hata 80 au 90 inaweza kuwa upungufu, kwa kuwa uvimbe wenyewe huipandisha ferritini na kuficha ukweli. Hapo ndipo asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma inapohitajika. Ikiwa chini ya asilimia 20, chuma hakitoshi kwenye damu.

Vidonge visizidi miligramu 100 za chuma halisi kwa siku. Soma boksi vizuri: kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi kama miligramu 65 tu. Ukizidisha, kisichofyonzwa hubaki tumboni kikaleta msokoto, kufunga choo au kuharisha, na mgonjwa akadhani ugonjwa umerudi. Choo kuwa cheusi wakati wa vidonge hivyo hutarajiwa. Kikiwa cheusi, kinanata kama lami na kunuka vibaya, aende hospitali. Himoglobini ikiwa chini ya gramu 10 kwa desilita, au ugonjwa ukiwa umeamka, au vidonge vikimshinda, chuma cha dripu ndiyo njia.

Aliyekatwa zaidi ya sentimita 20 za mwisho wa utumbo mwembamba apimwe vitamini B12, na mara nyingi atahitaji sindano maisha yote. Anayetumia methotreksati au salfasalazini, dawa za ugonjwa huu, aangaliwe foleti, aina ya vitamini B. Vitamini D na tezi ya shingo navyo visisahaulike.

Zamu_ya_Usiku
Naongeza usingizi. Muulize mgonjwa: unaamshwa na haja usiku? Kama ndiyo, msikimbilie kusema ni utumbo wenye wasiwasi tu. Haja inayomtoa mtu usingizini hudai utumbo uchunguzwe upya.

Anayetumia predinisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, ainywe asubuhi, kwa sababu ikinywewa jioni hufukuza usingizi. Na aliyeitumia zaidi ya wiki tatu asiiache ghafla. Tezi za juu ya figo huwa zimezoea kupumzika, na akiikatisha huja uchovu mkali, kizunguzungu na kutapika. Ipunguzwe kwa hatua alizopanga daktari.

Sonona nayo ipimwe waziwazi. Ni ugonjwa, unatibika, na huja sana kwa watu hawa. Kumwambia mtu ajikaze ni kumwonea.

Puru_na_Nyonga
Upande wa kubanwa. Puru, kile kipande cha mwisho cha utumbo, ikikaa na uvimbe miaka mingi hukakamaa, haitanuki tena kupokea choo. Kidogo tu kikiingia, mtu anabanwa. Kama bado kuna uvimbe hapo chini, mesalazini (dawa ya kushusha uvimbe wa utumbo) ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa, gramu 1 usiku, hufika pale ambapo vidonge vya mdomoni havifiki vya kutosha. Shida ni namna inavyotumika. Aende choo kwanza, alale ubavu wa kushoto, goti la kulia alivute tumboni, alowanishe dawa kwa maji kidogo, kisha aisukume mpaka ipite msuli wa kubana. Ikiishia kwenye msuli wenyewe humletea hamu ya kusukuma na itatoka. Avae nguo ya usiku isiyo na thamani kwake, hutia madoa.

Aliyekatwa mwisho wa utumbo mwembamba akaharisha majimaji kila akila, fikirieni nyongo isiyofyonzwa. Kolestiramini, dawa inayoinasa nyongo hiyo, husaidia, ila hunasa pia dawa nyingine, kwa hiyo hizo zinywewe saa 1 kabla yake au saa 4 hadi 6 baadaye.

Kuna pia choo kigumu kinachokwama juu huku chini mtu anabanwa na kutoa ute. Huyu ukimpa dawa ya kuzuia kuharisha unamharibia zaidi.

Mshumaa
Asante sana wakuu. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, kabla ya safari je?

Puru_na_Nyonga
Inafaa kama ugonjwa umetulia kweli: miligramu 2, nusu saa kabla ya kutoka. Bila daktari asizidi miligramu 8 kwa siku. Dozi kubwa mno huvuruga mapigo ya moyo. Kukiwa na damu, homa au tumbo limejaa, asiiguse kabisa, kwani utumbo mpana unaweza kutanuka hadi kupasuka. Mazoezi ya misuli ya nyonga afundishwe na mtaalamu, maana wengi hubana tumbo na makalio badala ya msuli husika.

Daftari
Kuhusu kujieleza kliniki: malengo ya kimataifa ya tiba yaliyotolewa mwaka 2021, STRIDE-II, yameweka ubora wa maisha kuwa lengo la muda mrefu, kando ya utumbo kupona. Kwa hiyo si kudeka. Kuna dodoso la IBDQ la kupima ubora wa maisha ya wagonjwa hawa, lenye maswali 32, alama 32 hadi 224, nyingi ndiyo nzuri, na lipo fupi la maswali 10. Kama kliniki haina, mgonjwa aandike siku saba kabla ya miadi: mara ngapi chooni, dakika ngapi aliweza kujizuia, mara ngapi aliamka usiku, na shughuli gani aliiacha. "Nachoka" husahaulika daktari akigeuza ukurasa. "Siku nne kati ya saba sikwenda kazini, uwezo wa kujizuia ni dakika mbili" huandikwa kwenye faili, na miadi ijayo italinganishwa nayo.